Afya ya Nyumbani: Maumivu ya Kinena kwa Wanaume

Mwezi huu twanena habari ambayo wanaume wengi huificha hata kwa wake zao: maumivu ya chini ya kitovu, ya kinena, au ya mapumbu, yadumuyo miezi 3 au zaidi.

Mke asikiapo haya hudhani mumewe ametoka nje ya ndoa. Mume naye, akiogopa kudhaniwa hivyo, hununua vidonge dukani kwa siri. Nyumba yaingiwa na shaka, na ugonjwa haujajulikana bado. Basi mtu asihukumiwe kabla ya kupimwa, kwa maana sababu ni nyingi.

Sisi tukaao Musoma na Bunda yafaa tukumbuke kichocho. Mdudu wake, aliyegunduliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851, hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kichocho cha matumbo hupatikana katika Ziwa Victoria. Cha mkojo hutoka zaidi katika mabwawa na majaruba ya mpunga. Mdudu wa kichocho cha mkojo hutaga mayai katika kibofu, na pengine katika tezi dume. Ndipo huja maumivu, na damu katika mkojo au katika manii.

Mkojo wa kupimiwa kichocho hicho hutolewa vema kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yatokapo kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hupimwa kwa uzito wa mwili. Huua wadudu wazima, lakini haimkingi mtu arudiye katika maji yale yale. Yakionekana magonjwa ya zinaa, mume na mke watibiwe pamoja.

Mara nyingi, hata hivyo, hakuna kijidudu kionekanacho. Si kwamba mtu ajifanya: misuli ya nyonga yaweza kukaza, na mishipa ya fahamu ikauma. Huyu hasaidiwi kwa kurudia-rudia dawa za kuua vijidudu, bali kwa dawa za maumivu, mazoezi ya kulegeza misuli, na kuondolewa hofu.

Ashindwaye kukojoa, mwenye homa kali, au aliyevimba pumbu kwa ghafula, asingoje hata kesho.

Enyi wake, msiulize kwanza, “Ulikuwa wapi?” Ulizeni, “Waumwa wapi?” Kisha mfuatane kwa tabibu.