Mvua ikinyesha, nani anahesabu masaa ya watoto?

Wandugu wafanya kazi, wababa na wamama wa cité, leo hatuzungumzi mushahara. Tunazungumza mvua.

Tangu mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 3, huku kwetu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mvua njo inaamua saa ya masomo. Asubuhi wingu likiwa jeusi, mama anamwambia mtoto angoje kwanza. Mwalimu naye, anayekaa mbali na hana pesa ya kulipa moto, anangoja kwake. Saa mbili mvua inapungua. Watoto wanafika mmoja mmoja, viatu mkononi, potopoto mpaka magoti. Saa tatu darasani kuna kumi na tano, na wengine wako bado njiani. Mwalimu hawezi kuanza somo mpya na kumi na tano, basi anarudilia la jana. Hakuna mtu aliyetangaza kwamba masomo yamefungwa, lakini yamefungwa.

Kule Kanada theluji ikizidi, wazazi wanasikia mapema asubuhi kwamba leo watoto wabaki nyumbani. Ni kitu kibaya, lakini kinajulikana na kinahesabiwa. Kwetu mvua inakula siku bila kuandikwa popote.

Tena haili watoto wote sawasawa. Kila mwenye kufanya kazi mu carrière anajua anga ya huku: mvua kubwa mara nyingi inakuja nyuma ya saa sita. Na masomo mengi yana vikundi viwili, wa asubuhi na wa après-midi. Tangu mwezi wa 9 wa 2019, wakati masomo ya msingi ya Leta yalifanywa bure, watoto wamekuwa wengi kuliko vyumba, na hilo la bure sisi tulilishangilia, hatulirudishi nyuma. Lakini mtoto wa après-midi anaingia saa sita na nusu, saa nane radi imeanza, saa tisa anarudishwa nyumbani. Mwisho wa mwaka anafanya mtihani ule ule na mwenzake wa asubuhi. Akianguka, tunasema ni mvivu.

Tulifungua kaye ya mtoto mmoja wa mwenzetu wa posti. Mwezi wa 1 wote, mulikuwa tarehe tisa tu. Baba yake alifikiri mtoto anasoma kila siku, kwa sababu yeye alikuwa posti ya usiku, muchana analala.

Hata wale wanaobaki darasani, wanasoma nini? Juu ni mabati bila plafond. Mvua ikipiga, mwalimu anafungua kinywa na sauti haitoki. Anaandika ubaoni mpaka mwanga unakosekana, kisha anakaa.

Na mtoto aliyerudishwa hakai nyumbani. Wamama munajua. Nyuma ya mvua mawe ya kijani yanaonekana vizuri kwenye malundo, na maji ya kuosha iko bure kila mahali. Njo siku ambayo watoto wengi wanakwenda kuokota. Njo siku pia ambayo udongo umelewa maji na shimo linaanguka. Tunaweza kupiga kelele kila mwaka juu ya watoto kwenye mashimo. Siku ambapo mlango wa darasa umefungwa, mtoto atakwenda wapi?

Tuangalie kazini kwetu. Radi ikikaribia, alama inatolewa, watu wote wanaingia pa kujificha, mashini inasimama. Rampe ikiteleza, malori yanangoja. Chef wa posti anaandika saa ya kusimama na saa ya kuanza tena. Hakuna anayesema eti mvua ilikuwa ya Mungu, tusihesabu. Kila saa ya lori inajulikana. Saa ya mtoto wetu haijulikani.

Sasa tuseme yetu, maana sindika isiyojisema haina haki ya kusema wengine. Miaka michache nyuma tulikuwa kwenye sherehe ya vyumba sita vipya vilivyojengwa na kampuni moja. Rangi nzuri, kibao kikubwa, picha, fanta. Sisi wadelege tulikuwa mstari wa mbele. Hakuna hata mmoja wetu aliyezunguka nyuma kuona maji yatapita wapi. Barabara ya malori ilikuwa imeinuliwa, kanivo hakuna. Mvua za mwaka wa pili, maji yaliingia kwa mlango mkubwa kama mgeni. Sisi tunaojua kupompa maji mu carrière mchana na usiku, tulisahau kwamba darasa pia linaingia maji.

Pesa ya kanivo iko. Sheria ya migodi ya 2018 inasema kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na 15% ya redevance inakwenda kwa miji, komini, sekta na sheferi ambako mgodi uko. Cahier des charges nayo inatiwa saini na wakaaji wenyewe. Mara ijayo, mbele ya kuomba jengo mpya la picha, tuombe plafond kwa majengo ya zamani, kanivo, na daraja ndogo pale watoto wanapovuka mto. Ni vitu ambavyo havina sherehe.

Na kwa wadirektere na kamati za wazazi, tunaomba kitu kisicho na bei: kaye ya mvua. Kila siku iliyopotea iandikwe, na saa. Vikundi vya asubuhi na après-midi vibadilishane kila mwezi, jinsi sisi tunavyobadilishana posti. Masaa yaliyopotea yarudishwe siku za posho, na walimu walipwe kwa hiyo. Msituambie watafanya kwa moyo. Sisi posho hatufanyi kwa moyo.

Mvua ya kwanza haijaanguka bado. Mwenye mtoto wa après-midi, usiku huu umuombe kaye ya mwaka uliopita. Uhesabu tarehe, halafu uje na hiyo hesabu kwa delege wako.