Vuli Yetu Si ya Karatasi

Kila Oktoba naona kwenye kuta za shule zetu za chekechea huku pwani majani ya karatasi ya rangi ya machungwa, maboga na kindi, na juu yake neno VULI. Hilo nalipinga.

Sisemi mtoto asijue kwamba Ulaya majani hupukutika kabla ya baridi. Aambiwe. Lakini vuli ni neno letu, na kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, mvua za kupandia. Wafasiri wameliazima kutajia majira ya wenzetu. Sasa tunafundisha cha kuazimisha na kusahau chetu.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeziita shule hizi "bustani ya watoto" mwaka 1840, alitaka mtoto ajifunze kwa kupanda na kutunza mimea. Mwalimu, mkungu hugeuza majani yake mekundu na kuyadondosha uani. Watoto wayaokote, wayahesabu, wayapange kwa ukubwa. Mvua ikinyesha, wapande kunde koponi, wapime kimo chake kila asubuhi. Hakuna karatasi ya kununua hapo. Watoe nje.