Pombe ya Nyumbani: Kwao Burudani, Kwetu Hatia

Wako wasomaji watakaostaajabu kusikia kwamba Uingereza, nchi isiyo na upungufu wa viwanda vya bia wala wa vilabu, wako watu wanaojitengenezea bia jikoni mwao. Naam, ndivyo ilivyo. Madukani huuzwa kopo la shira nzito ya kimea cha shayiri, pamoja na pakiti ndogo ya hamira na karatasi ya maelezo. Shira hiyo imekwisha kuchanganywa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Kazi ngumu yote imefanywa na kiwanda.

Mpwa wangu anayeishi Leeds hupenda aina iitwayo pale ale. Jina hilo lilitokana na rangi: zamani kimea kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikatoka cheusi chenye moshi, baadaye makaa safi zaidi yalipotumika, bia ikawa na rangi ya dhahabu. Nilimtazama kijana akiosha pipa lake la plastiki kwa dawa, akamimina shira, akaongeza sukari kilo moja na maji ya moto, kisha maji baridi hadi lita 23. Akanyunyiza hamira, akafunika. Baada ya siku kama kumi hivi alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, akarudia kesho yake, na alipoona hakikusogea akajua sukari imekwisha kuliwa. Chupa nazo zilikaa wiki mbili zaidi. "Mjomba, onja," akaniambia kwa majivuno. Nilionja. Ilikuwa nzuri, japo tamu kidogo kwa ulimi wangu.

Lakini msomaji asidhani uhuru huo ni wa tangu zamani. Mwaka 1880 serikali ya Gladstone iliweka sharti la leseni kwa mwenye kutengeneza bia nyumbani, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1963 tu, na Waziri wa Fedha Reginald Maudling. Marekani walingoja hadi 1978, Rais Carter alipotia sahihi sheria iliyowaruhusu. Tangu hapo makopo yakajaa madukani, vitabu vikaandikwa, na mtu asiyejua lolote akaweza kufundishwa usafi na vipimo. Hata hivyo, kuuza bila leseni ni marufuku huko, na kukeneka pombe kali nyumbani vilevile. Wametofautisha bia na pombe kali. Sisi tulishindwa hapo.

Marehemu mama yangu, bibi yake kijana huyu, alikuwa mpishi wa busaa katika wilaya ya Kakamega. Unga wa mahindi aliukanda kwa maji akauacha uchachuke kwa siku kadhaa, akaukaanga juu ya bati hadi ukawa kahawia na harufu ikafika barabarani, kisha akauchanganya na kimea cha wimbi alichokiotesha mwenyewe. Joto alilipima kwa kidole. Kuiva alikujua kwa kutega sikio kwenye mtungi. Wazee waliketi na mirija yao, wakazungumza mahari na mipaka ya mashamba. Ada yangu ya shule ilitoka mtunginini humo, na mara mbili niliona askari wakiupiga teke.

Sitetei ulevi. Nyumba zilizobomolewa na pombe nazijua kwa majina. Ninachosema ni kwamba fimbo ya sheria ilimchapa mpishi wa busaa na mkenekaji wa chang'aa bila kuwatenganisha, na ufundi uliosukumwa vichakani haukupata mwalimu, wala maabara, wala karatasi ya maelezo. Pengo lile likajazwa na wenye tamaa. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe yenye methanoli. Sumu ile haikutoka katika wimbi wala mahindi ya mtungi wa bibi yeyote. Mwaka 2010 sheria mpya ilifuta ile ya 1980 iliyoharamisha chang'aa, ikataka leseni na chupa za kioo. Ni hatua, lakini ni hatua inayomfaa mwenye mtaji. Mjane mwenye nyungu mbili atazipata wapi chupa na mashine?

Laiti vyuo vyetu vingewaendea wapishi hawa, vikapima kimea chao, joto lao na siku zao, tungeweza nasi kuwa na pakiti ya busaa ya kununuliwa dukani, na maelezo yake kwa Kiswahili, badala ya kumsifu kijana wetu kwa kufungua kopo la wenzake.

Dada yangu mkubwa bado anakijua kipimo cha mama cha kimea kwa debe moja la unga. Ana miaka 81. Tangu Krismasi nimekuwa nikikaa naye na daftari. Tumejaza kurasa kumi na moja, na bado hatujafika kwenye kuchuja.