Mkia Uliosahauliwa



Likizo hii baraza yetu iligeuka karakana ya mbawa. Kijana wetu wa miaka kumi alitaka kuwa ndege, nasi tukaketi naye kumtengenezea vazi. Mifupa ya mbawa tuliifanya kwa fito nyembamba, maana uzito humchosha mtoto mabegani kabla mchezo haujaanza. Manyoya tuliyakata katika kanzu kuukuu, tukayashona kama yaezekwavyo makuti: safu ya chini kwanza, kisha ya juu ikailalia, hata mishono isionekane. Mdomo ulikuwa wa kadibodi, nao tuliuacha wazi kwa chini ili apumue vyema na aone anapokanyaga.

Alipokwisha kuvaa, hakuomba kioo. Aliomba ufunguo wa darini.

Nyoyo zilitupasuka. Wengi wetu tungalimkemea na vazi tukalificha. Sisi tulimketisha, tukamsimulia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Qurtuba katika Andalusi, karne ya 9. Al-Maqqari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 1632, ameeleza kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajifunga mbawa mbili, akajirusha hewani. Alikwenda masafa, lakini katika kutua aliumia mgongo. Ndege hutua kwa msaada wa mkia, na yeye mkia hakuufanya.

"Alikufa?" kijana akauliza.

Hakufa siku ile. Alifariki mwaka 887. Lakini hatukumficha habari ya pili. Al-Jawhari, mtungaji wa kamusi mashuhuri ya Kiarabu iitwayo Al-Sihah, yasimuliwa kuwa alipanda juu ya msikiti huko Naysabur, akajifunga mbao kama mbawa, akaruka. Yeye hakuinuka tena. Elimu yake yote ya maneno haikumfaa kitu hewani.

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akashika mkasi. "Basi tuufanye mkia," akasema.

Tukaufanya, mpana, wa vitambaa vilivyosalia. Jioni ile aliruka kutoka ukingo wa baraza hadi mchangani mara zisizohesabika, akatua kwa miguu miwili huku akicheka. Ufunguo wa darini ulibaki mfukoni mwetu.

Wahenga walinena: mpanda ngazi hushuka. Wazazi wenzetu, sote twawashonea watoto wetu mbawa: karo za shule, mtaji wa biashara, tiketi ya kwenda kutafuta riziki Ghuba. Twafurahia kuwaona wakipaa, nasi hufanya vyema. Lakini kabla ya kuwapa ufunguo, tuketi nao barazani tuwaulize: mambo yakigeuka, utatua wapi, na kwa nini? Mtoto akikosa jawabu, tusimvunje mbawa. Tumsaidie kushona mkia.