TAHARIRI: MWALIMU WA KIINGEREZA



Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba redio zote hutuletea habari za Baba wa Taifa, Rais wa Kwanza, mpigania uhuru wa Kusini mwa Afrika. Ni haki yake, hatupingi. Lakini gazeti hili la ukutani lina karatasi mbili tu, na Rais ana watu wengi wa kumsifu. Sisi leo tunamkumbuka kijana ambaye hata miaka 25 alikuwa hajatimiza, aliyeshika chaki hapo Tabora mwaka 1946 akifundisha Kiingereza na elimu ya viumbe.

Watoto wa siku hizi wanadhani "Mwalimu" ni cheo, kama Mheshimiwa. Hapana jamani. Ilikuwa kazi yake, ndiyo iliyompa ugali.

Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945 aliitwa na shule mbili za Tabora, moja ya serikali na moja ya misheni, St. Mary's. Ile ya serikali ilikuwa na mshahara mnono zaidi. Yeye akaenda misheni. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penye habari yenyewe. Baada ya saa za kazi, wanafunzi wakishaondoka, alikuwa akiwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini. Bure. Watu wazima, yaani watu wenye watoto na madeni kama mimi na wewe.

Mtu mzima wa Tabora alikuwa na haja gani na Kiingereza wakati ule? Serikali ilikuwa ya Mwingereza, na mambo yake makubwa aliyaandika kwa lugha yake. Asiyeisoma alisomewa. Na anayesomewa huambiwa kile msomaji anachotaka asikie, si ndiyo?

Mwalimu huyu hakuishia ubaoni. Kwa muda mfupi alifanya kazi ya kukagua bei za madukani, akaandika taarifa juu ya wenye maduka waliowadanganya watu. Wakubwa wakazipuuza taarifa zake, naye akaiacha kazi hiyo. Pia, pamoja na wenzake wa tawi la TAA la Tabora, alisaidia kufungua duka la ushirika la kuuza sukari, unga na sabuni. Kwa hiyo, ndugu wanachama, huyu ni wa ukoo wetu tangu zamani, hata kabla ya TANU kuzaliwa.

Mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh, akarudi 1952, akafundisha Pugu. Mwaka 1954 ikazaliwa TANU, na mwaka 1955 akatakiwa achague: shule au siasa. Akaiacha shule. Lakini chaki haikumtoka mkononi, maana aliporudi kwao alikaa akimfundisha padri mmoja wa Kimarekani lugha ya Kizanaki. Hebu fikirini: mwalimu wa Kiingereza anamfundisha msema Kiingereza lugha ya Butiama!

Baadaye, akiwa na nchi nzima mabegani, alipata wapi usiku wa kumfasiri Shakespeare, hilo Mungu ndiye ajuaye. Alifasiri mchezo wa Julius Caesar, ukachapwa mwaka 1963, na mwaka 1969 ukatoka Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza jina la mchezo huu wa pili linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akaandika mabepari, tena wengi. Aliyekuwepo miaka ile ya Azimio anaelewa kwa nini.

Wasioujua mchezo huo, kiini chake ni mkataba. Antonio anakopa fedha kwa Shylock, na anatia sahihi kwamba akishindwa kulipa siku iliyopangwa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Anatia sahihi huku akicheka, anaona ni mzaha. Siku inafika, fedha hakuna, na kisu kinanolewa mbele ya hakimu. Anayemwokoa ni mwanamke, Portia, aliyejigeuza mwanasheria. Hana bunduki wala fedha za hongo. Anausoma mkataba neno kwa neno: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Kata nyama, lakini damu isimwagike hata tone. Kesi ikaisha.

Basi hapo ndipo tahariri hii inapowafuata nyumbani kwenu. Msimu uliopita wengi wetu tulitia sahihi mkataba wa mbolea na dawa wa kurasa sita, zote Kiingereza. Tuliambiwa, "tia sahihi hapa, na hapa, na hapa." Kampuni hatuitaji. Siku ya malipo tukaona makato ya usafiri, makato ya bima na riba, na kila aliyeuliza alijibiwa, "imo kwenye mkataba." Ni kweli, imo. Ukurasa wa nne. Tuliupata baada ya mauzo, aliposhuka kijana wa mwenzetu anayesoma chuo akatusomea. Mama mmoja mjane aliyepeleka mzigo mzuri kuliko wengi wetu alirudi nyumbani na fedha isiyotosha sare za watoto wawili.

Kwa sababu hiyo ajenda ya tano ya Mkutano Mkuu inapendekeza darasa la jioni la Kiingereza kwa wanachama, mara mbili kwa wiki, humu ghalani. Mwalimu wa shule yetu ya msingi amekubali kufundisha bila malipo. Chama kinatakiwa kununua taa ya sola, ubao na chaki. Kamati imegawanyika, nusu wanataka fedha hiyo iende kwenye bati za ghala.

Tumesikia maneno ya vijiweni. Wapo wanaosema Kiingereza ni lugha ya mkoloni, mtu wa ushirika anaitakia nini? Wakumbuke kuwa ni chini ya uongozi wa mwalimu huyuhuyu, mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na ni yeye huyohuyo aliyesema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, tusikiache kife. Wengine wanasema tudai mkataba wa Kiswahili. Hapo tuko pamoja mia kwa mia! Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama za nchi hii, sasa mkataba wa mbolea unajiona nani? Tudai nakala ya Kiswahili kabla ya kalamu kutoka mfukoni. Lakini nakala zikiwa mbili na hazifanani, nani atakayejua? Vijana nao wanasema simu inatafsiri. Sawa, itafsiri, lakini wakati wa makato simu haikatwi.

Na wale wanaosema wazee hawafundishiki, wanatukosea adabu. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma. Mwaka 1970 ukafanywa wa Elimu ya Watu Wazima, bibi zetu wakakaa chini ya miembe na vibao vyao, na mwaka 1986 serikali ilihesabu wasiojua kuwa chini ya 10 katika kila 100. Hao bibi hawakuwa malaika.

Hatumfanyi Mwalimu malaika vilevile. Mwaka 1976 serikali yake ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na wakulima wakaumia mpaka vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwenyewe alikuja kusema hadharani kwamba lile ni jambo ambalo asingelifanya tena. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama, na wanaushirika tuliomlaumu tulimlilia kama wengine.

Juu ya bati: tunajua ghala linavuja, na mvua haina urafiki na tumbaku. Lakini bati tumeshazinunua mara mbili tangu ghala lijengwe, na ukurasa wa nne hatujawahi kuusoma kabla ya mauzo hata mara moja. Gazeti hili linaunga mkono taa.

Mkutano Mkuu ni Jumamosi saa tatu asubuhi, hapahapa ghalani. Mkataba wa msimu ujao umekwishaletwa na utakuwa mezani. Katibu ameagizwa asiruhusu sahihi yoyote kabla ya ajenda ya tano. Mwenye miwani aje nayo.