Akiba ya Mjomba

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Mwezi huu tuzungumze juu ya kuhifadhi fedha. Fedha nayo ina dumuzi wake.

Nitakueleza habari za mjomba wangu. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, mradi nisitaje jina lake wala jina la kijiji chake.

Mjomba ana umri wa miaka 78. Anaishi mkoani Njombe, kwenye milima yenye baridi. Koti lake lina viraka viwili mgongoni. Viatu vyake ni makatambuga ya mpira wa gari. Nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma, lakini sakafu ni ya udongo. Redio yake imefungwa kwa kipande cha mpira. Watu wengine kijijini humwita maskini. Wengine humwita bahili.

Mimi pia nilimhesabu katika maskini. Kila nilipokwenda likizo nilimpelekea sukari kilo 2 na mche wa sabuni. Alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, mwanangu." Moyoni nilijiona mtu mwema.

Tena nilikuwa na kinyongo naye. Mwaka 2001 nilikwenda chuo cha kilimo. Mama yangu, ambaye ni dada yake, aliniambia ada imetokana na mahindi aliyouza. Mjomba hakuleta hata senti moja. Ndivyo nilivyoamini kwa zaidi ya miaka 20.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 mjomba alinipigia kwa simu ya jirani. Alisema, "Njoo upesi. Duka limekataa fedha yangu."

Nilifunga safari na sukari yangu. Nilipofika, alifunga mlango. Alisogeza kitanda, akachimba sakafu kwa jembe, akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na noti zilizofungwa kwa nailoni. Tulizihesabu mpaka usiku kwa taa ya chemli. Noti za shilingi 10,000 zilikuwa 520. Noti za shilingi 5,000 zilikuwa 410. Noti za shilingi 1,000 zilikuwa 380. Jumla yake ilikuwa shilingi 7,630,000.

Zote zilikuwa noti za zamani. Huenda unakumbuka tangazo la Benki Kuu ya Tanzania. Noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na mwaka 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, ziliondolewa katika matumizi. Watu walipewa muda wa kuzibadilisha, kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili, 2025. Mjomba alisikia habari hiyo redioni. Lakini alidhani inawahusu watu wa mjini. Zilikuwa zimebaki siku 12 tu.

Chini ya kopo palikuwa na daftari. Mjomba alijifunza kusoma na kuandika katika madarasa ya elimu ya watu wazima, mwaka 1975. Tangu wakati huo ameandika kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka. Aliniambia, "Soma wewe, macho yangu yamechoka."

Nilisoma. Magunia ya viazi. Maziwa. Asali. Kisha nikafika kwenye mwaka 2001. Palikuwa na mstari mmoja: "Dada. Ada ya mtoto chuoni. Shs. 120,000/=." Mwaka 2002 palikuwa na mstari kama huo tena.

Nilinyamaza. Baadaye nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alijibu, "Aliyeniomba ni dada yangu. Hukuniomba wewe. Mambo yale yalikuwa kati yangu na yeye."

Mama alikwisha fariki, kwa hiyo sikuweza kumwuliza. Nilifikiri juu ya sukari yangu yote ya miaka 20, nikaona haya.

Asubuhi mjomba alisema, "Umeona karatasi. Sasa twende ukaone shamba." Tulitembea saa nzima, tukavuka mto, tukapanda kilima. Huko nilikuta eka 5 za misindano iliyokomaa. Mimi ni bwana shamba, lakini sikujua kwamba ni yake.

Alianza kuipanda mwaka 2003. Alipima mita 3 kati ya mti na mti, na mita 3 kati ya mstari na mstari. Kwa vipimo hivyo eka moja huingia miti 450 hivi. Iliyopinda na iliyodumaa aliikata mapema, ili mizuri ipate nafasi. Kila mwaka kabla ya kiangazi hufyeka ukanda kuzunguka shamba ili moto usiingie. Sasa imebaki miti karibu 1,800. Mfanyabiashara wa mbao alikwisha mpa bei ya shilingi 12,000 kwa kila mti, ikiwa bado imesimama shambani. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ni zaidi ya shilingi milioni 21.

Sasa tulinganishe. Mwaka 2003 mjomba alifanya mambo mawili. Fedha nyingine alinunulia miche. Fedha nyingine aliifukia chini ya kitanda. Miche imekuwa miti ya mbao. Noti ya shilingi 10,000 imebaki noti ile ile, ila nguvu yake imepungua. Wakati ule ilitosha kununua kilo kadhaa za nyama. Leo ukienda nayo buchani, utarudi na nyama kidogo kuliko ile. Na kama siku 12 zile zingepita, isingenunua hata kiberiti.

Wazee wetu walisema, akiba haiozi. Ni kweli kwa akiba iliyowekwa mahali pazuri. Akiba ya chini ya kitanda huoza polepole, na mwenyewe haoni.

Lakini liko jambo lililonitisha zaidi. Mke wa mjomba alijua kwamba kuna kopo, lakini hakujua mna kiasi gani. Watoto wake wawili wako mjini. Hawakujua habari za kopo, wala za daftari, wala mpaka wa shamba la miti. Mjomba hakuwa na karatasi yo yote ya ardhi ile. Je, kama angefariki mwezi wa Februari? Sakafu ingechimbwa siku moja, na watoto wangechezea zile noti. Miti ingekatwa na mtu wa kwanza kusema ni yake.

Nilimweleza hivyo. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Niliogopa watu. Sikufikiri juu ya kufa."

Tulikwenda benki mjini. Alikuwa na kitambulisho chake cha taifa. Alivaa koti lake lenye viraka. Noti zilihesabiwa, zikapokelewa, akafunguliwa akaunti. Tulirudi jioni.

Ndugu msomaji, mimi sisemi kwamba mtu ajionyeshe. Mjomba hana deni kwa mtu ye yote. Wakati ule mimi nilikuwa nalipa deni la pikipiki. Kuishi kwa kiasi ni akili. Lakini kutangaza mali ni jambo moja, na kuwaeleza wanaokuhusu ni jambo jingine. Kwa hiyo yafaa tufanye haya:

1. Usifukie fedha. Iweke benki au katika chama cha akiba na mikopo kilichoandikishwa. Nyingine igeuze iwe kitu kinachokua, kama miti au mifugo.

2. Andika mapato na matumizi yako katika daftari. Mwambie mkeo au mumeo daftari liko wapi.

3. Omba hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi yako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuruhusu. Anzia kwa afisa mtendaji wa kijiji.

4. Andika wosia. Kwa sheria ya mila, anayejua kusoma na kuandika huwa na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua huwa na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Karani wa Mahakama ya Mwanzo atakueleza zaidi.

Mjomba amekwisha andika wosia. Watoto wake walikuja, akawaonyesha mpaka wa shamba, mti kwa mti. Majirani hawajui lo lote. Bado wanamwita bahili, naye hana shida.

Koti lake ni lile lile. Mimi bado nampelekea sukari kilo 2. Anaipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante. Siku hizi nami namjibu, "Ahsante wewe, mjomba."

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kupogoa matawi ya misindano michanga. Kazi njema.