"Chokoraa": Neno Letu Lililopotea Njia Kitale

Wako wenzangu wa Pwani ambao wakisikia Sheng hukunja uso, wakasema ni takataka za Nairobi zilizomwagwa juu ya lugha yetu. Mimi siafikiani nao. Nimekaa Saboti, chini ya Mlima Elgon, na katika stendi ya Kitale nimewasikiliza vijana wa Kisabaot, wa Kibukusu na wa Kikikuyu wakisemezana. Mengi wanayoyapindua ni yetu. "Msee" ni mzee yule yule, kavuliwa heshima akawa mtu yeyote. Mengine yamezaliwa na siasa: noti ya shilingi 500 iliitwa "jirongo", kwa jina la Cyrus Jirongo, aliyeongoza vijana wa KANU katika uchaguzi wa 1992, fedha zilipomwagwa kama mchanga.

Lakini neno ninalotaka tulitazame ni "chokoraa". Watoto wanaolala barazani mwa maduka ya Kitale huitwa hivyo, na Sheng imelifupisha likawa "chokosh". Wengi huku hudhani limezaliwa mjini. La hasha! Chokora ni neno kongwe la Pwani: alikuwa mfuasi, kijana wa nyumbani mwa watu, mtumishi wa jikoni. Alikuwa chini, naam, lakini alikuwa na mlango wa kuingilia na sahani ya kulia. Tena kuchokora ni kuchimbua kwa kijiti, na maana hiyo ndiyo iliyoshika bara: chokoraa ni mwenye kuchokora jaa. Nyumba imetoka ndani ya neno, limebaki jaa.

Tusidhani ni mambo ya bara tu. Hesabu ya watu wa mitaani ya 2018 ilipata 46,639 nchini. Nairobi ilitangulia, Mombasa yetu ikafuata kwa 7,529. Serikali husema "familia za mitaani", na tangu 2003 upo mfuko wa kuwasaidia. Njiani jina ni lile lile, na anayeitwa wa jaa hutendewa kama taka. Februari 2019 watu wa mitaani wa Nakuru, watoto wakiwemo, walikusanywa wakaenda kuachwa katika Msitu wa Chemasusu, Baringo. Kitu gani tena hubebwa mjini kikatupwe mwituni?

Kitale nimewasikia watoto wenyewe wakiitana "chokosh" huku wakicheka. Mwenye duka alipolitamka, hakucheka hata mmoja.